Mche Usio na Nyuzi

Kukereza ni kukizungusha kwa kasi kipande cha mti, pembe, chuma au kitu kingine kigumu, huku makali ya chombo kilichoegemezwa mahali imara yakikigusa na kukipunguza hadi kiwe mviringo, na mashine ifanyayo kazi hiyo huitwa kerezo. Ufundi huu si mgeni katika pwani ya Afrika Mashariki, kwa kuwa ndio uliotoa matendegu ya vitanda vya Lamu na Unguja. Kalamu zinazozungumziwa katika sura hii hutokana na ufundi huohuo, ila kwa kipimo kidogo zaidi, maana unene wake hauzidi sana ule wa kidole, na kosa la nusu milimita, ambalo katika tendegu halimshughulishi mtu, katika kalamu huhisiwa na kidole gumba hata kabla jicho halijaliona. Hata hivyo, tofauti yenye uzito zaidi haimo katika ukubwa. Fundi wa mti, tangu alipokuwa mwanafunzi, hufundishwa kuusoma mwelekeo wa nyuzi, yaani zile chembe ndefu zinazoufanya mti uchanike kirahisi upande mmoja na kugoma upande mwingine, na elimu hiyo ndiyo inayouongoza mkono wake katika kila pigo la patasi. Sasa anapokabidhiwa rezini, anakabidhiwa kitu ambacho hakina nyuzi hata moja.

Rezini ni jina la jumla la vitu vinavyoanza vikiwa majimaji mazito kisha vikaganda na kuwa vigumu, ama kwa kukaa muda mrefu, ama kwa kuchanganywa na kemikali ya kuvigandisha. Ya asili hutoka mitini, na watu wa pwani wanaifahamu mojawapo kwa jina la sandarusi, utomvu wa msandarusi uliokaa ardhini kwa miaka mingi, ambao katika karne ya 19 ulichimbwa Mrima, ukapelekwa Zanzibar, na kutoka huko ukasafirishwa hadi Ulaya na hadi bandari ya Salem, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ili utengenezewe vanishi. Wafanyabiashara wa zama hizo waliitenga sandarusi iliyokomaa na ile changa iliyoitwa chakazi, ambayo ilikuwa bado laini na bei yake ikawa ya chini. Rezini za viwandani zimeuondoa msandarusi katika biashara hiyo, lakini chakazi bado ipo kwa namna yake, kwani kipande cha rezini kilichomiminwa kwa vipimo visivyo sawa hubaki na kiini laini, na ulaini huo haugunduliki mpaka siku kinapotobolewa.

Kalamu yenyewe imepitia malighafi kadhaa kabla ya kufika hapa. Mnamo 1884, Lewis Waterman alipopata hataza ya kalamu yake ya wino jijini New York, kitu kilichofaa zaidi kwa kiwiliwili cha kalamu ya aina hiyo kilikuwa eboniti, yaani mpira uliopikwa pamoja na salfa nyingi hadi ukawa mgumu kama pembe. Eboniti haidhuriwi na wino na hukerezeka vizuri, lakini rangi zake ni chache na za giza, na ikikaa kwenye mwanga weusi wake hugeuka hudhurungi. Mwaka 1924 kampuni ya Sheaffer ilileta sokoni kalamu za seluloidi, plastiki iliyotengenezwa kwa nyuzi za mimea zilizotiwa asidi na kuchanganywa na kafuri, na hapo kalamu zikaanza kuwa na rangi za kijani kibichi na za lulu, ingawa seluloidi inashika moto upesi na viwanda vilivyoitumia viliishi kwa hofu. Parker 51, iliyozinduliwa mwaka 1941, ikaleta akriliki, na tangu hapo viwanda vikazidi kuacha kukereza, vikawa vinamimina plastiki katika kalibu. Kalamu ya Bic iliyotoka Ufaransa mwaka 1950 ilikamilisha mageuzi hayo, kwa kuwa ilikuwa rahisi kiasi kwamba mwenye kuipoteza hakujisumbua kuitafuta. Hata hivyo, kukereza kalamu hakukukoma kila mahali kuwa riziki. Katika mji wa Rajahmundry, kusini mwa India, ukoo wa Ratnam ulianza kukereza kalamu za eboniti kwa mkono miaka ya 1930, katika vuguvugu la kujitegemea lililohimizwa na Gandhi, na jina hilo bado linajulikana kwa wapenzi wa kalamu.

Anayekereza kalamu za rezini leo, kwa kawaida katika karakana ndogo nyuma ya nyumba huko Marekani au Uingereza, huanza na vitu viwili. Cha kwanza ni seti ya vipuri vya chuma inayotengenezwa kiwandani, yenye neli za shaba ya njano, ncha, klipu, pete ya katikati, mrija wa wino, na mtambo mdogo unaoitoa ncha na kuirudisha ndani kalamu inapozungushwa kiunoni. Cha pili ni mche, neno linalotumika hapa kwa maana ileile ya mche wa sabuni, yaani kipande kirefu chenye pande nne, ambacho kwa kalamu huwa na upana wa milimita 19 hivi na urefu wa milimita 127. Ni haki kukiri kwamba, kwa kalamu ya seti, mkerezaji hatengenezi kile kinachoandika. Anatengeneza vazi lake tu, na vazi lenyewe ni jembamba mno, kwa sababu juu ya neli ya milimita 7 ukuta wa rezini uliobaki haufiki hata milimita moja kwenye ncha zake. Anayeicheka kazi hii kuwa ni ya juujuu asisahau kipimo hicho.

Miche huuzwa tayari, lakini mafundi wengi hatimaye hutamani kuimimina wenyewe, nao huchagua kati ya jamaa tatu za rezini. Ya poliesta hugandishwa kwa matone machache ya peroksidi, asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake, hutoa harufu kali inayojaa chumba kizima, na ikikauka huwa inang'aa kama kioo na kuvunjika kama kioo. Ya poliurethani huvumilia vishindo zaidi na huganda kwa dakika chache, lakini ina uadui na unyevu, hivi kwamba kipande cha mti ambacho hakikukaushwa sawasawa huifanya itoe povu. Ya epoksi haina haraka, na humsamehe mmiminaji mambo mengi isipokuwa kosa la vipimo.

Rangi zinazofanana na lulu au na mawingu hutokana na ulanga, madini yanayochambuka katika tabaka nyembamba kama maganda ya kitunguu, ambayo yakisagwa huwa vigamba vidogo vinavyorudisha mwanga. Vigamba hivyo hulala kufuata mkondo wa majimaji, na rezini inapoganda mkondo unabaki umechorwa ndani yake. Ndiyo maana saa ya kumimina ni jambo la kuviziwa. Rangi mbili zikikutanishwa mapema mno, zingali nyepesi, huingiliana na kuwa tope la kahawia. Zikikutanishwa zimechelewa, kila moja hukaa peke yake, na baina yao hubaki vipengo vya hewa. Kati ya hali hizo mbili kuna dakika moja au mbili ambazo mmiminaji mzoefu huzitambua kwa joto la kikombe mkononi mwake na kwa namna uzi wa rezini unavyokatika kutoka kwenye kijiti cha kukorogea, na asiye mzoefu huzijua baada ya kuzikosa.

Viputo ni shida nyingine, na suluhisho lake linashangaza kidogo, kwa kuwa kwa kawaida haviondolewi. Kalibu huwekwa ndani ya tangi la chuma lililotengenezwa kuhimili shinikizo, kisha hewa husukumwa humo hadi kufikia mara tatu au nne ya hewa ya kawaida, na kwa kuwa ujazo wa hewa hupungua kadiri shinikizo linavyozidi, kila kiputo hunywea hadi kutoonekana, na rezini huganda kikiwa katika hali hiyo. Sufuria ya kupikia maharage, hata ikiwa na kifuniko cha mvuke, haifai kwa kazi hii na imekatazwa kwa sababu nzuri. Tangi hilohilo huruhusu kumimina rezini kuzunguka vitu vyenye matundu, na hapo ndipo ubunifu wa mafundi umekwenda mbali: mbegu za misonobari, buni za kahawa, manyoya, vipande vya saa mbovu. Kati ya vyote hivyo, hakuna kilichofaulu kwa gharama ndogo kuliko gunzi la mahindi. Gunzi ambalo kwa wengi ni la kuwashia moto hukaushwa, hufunikwa kwa rezini ya buluu au nyekundu, na likikerezwa hutoa safu za vijumba mithili ya sega la nyuki, kila kijumba kikiwa kimejaa rangi, jambo ambalo hakuna mchoraji angelipanga vizuri zaidi.

Mche ukiwa tayari, hukatwa vipande viwili vyenye urefu wa neli pamoja na milimita chache za ziada, kisha hutobolewa katikati kwa biti ya milimita 7 kutoka mwisho hadi mwisho. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kalamu huharibikia kwenye patasi, kwa kuwa hapo ndipo pana mwendo na kelele, lakini miche mingi hufia hapa kwenye kutoboa, na sababu yake ni joto. Chuma hulipitisha joto na kulitawanya. Mti haulitawanyi sana, lakini mabaki yake ni makavu na huruka nje. Rezini haifanyi lolote kati ya hayo. Joto la msuguano hubaki palepale lilipozaliwa, rezini iliyokwanguliwa hulainika na kujisokota katika mifereji ya biti, mifereji ikiziba biti husugua badala ya kukata, na msuguano huo huleta joto zaidi, mpaka mche unapasuka kwa mlio mkavu au biti inanasa ndani kabisa. Dawa yake ni subira, wala hakuna mashine iliyoweza kuchukua nafasi yake: mizunguko 500 hivi kwa dakika, biti yenye makali mapya, kuingia milimita chache na kutoka, kupangusa mabaki kwa brashi, kungoja, na kuingia tena. Fundi makini hutoboa miche yake jioni na kuiacha ilale, kwa sababu tundu lililotobolewa likiwa la moto hubadilika kipimo likipoa, na neli iliyoingia kwa ulaini usiku huweza kugoma asubuhi.

Kuna mtego mwingine mwishoni mwa tundu. Biti inapokaribia kutokea upande wa pili, kiasi cha rezini kilichobaki mbele yake ni chembamba kama ganda la yai, na badala ya kukatwa husukumwa, kikabanduka pamoja na kipande cha ukingo. Mti ungelichanika kufuata nyuzi zake, na fundi angelijua upande wa kuutegemeza. Rezini hubanduka popote inapotaka. Kwa hiyo wenye kujua huukata mche mrefu kuliko unavyohitajika, huisimamisha biti kabla haijatokea, na kuimalizia kazi kwa msumeno, ambao ukikata ile ncha iliyozibwa hulifungua tundu likiwa safi.

Hatua inayofuata ndiyo inayomtofautisha mkerezaji wa rezini na ndugu yake wa mti kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa ni kazi ya kupamba mahali ambapo, katika mti, hapana macho yatakayofika. Rezini nyingi hupitisha mwanga kwa kiasi fulani, hata zile zinazoonekana nzito zikiwa bado mche mnene, na zikipunguzwa hadi ukuta wa milimita moja, neli ya shaba iliyo ndani huanza kujitokeza kama mfupa chini ya ngozi, ikaifanya buluu kuwa na kijivu na nyeupe kuwa na umanjano. Kwa hiyo neli hukwaruzwa kwa msasa ili gundi ishike, kisha hupakwa rangi inayopatana na rezini. Wengine hupaka rangi ukuta wa tundu lenyewe, na mafundi wagumu hufanya yote mawili. Gundi nayo inahitaji uangalifu uleule. Supagluu hushika kwa haraka kiasi cha kuikamata neli ikiwa nusu ya safari, na popote ilipoacha pengo la hewa patakuja kuonekana baka la rangi hafifu, siku ambayo hakuna tena la kufanya. Epoksi huchelewa, lakini hujaza. Ili gundi isiingie ndani ya neli, ncha yake hukandamizwa kwanza katika kipande cha kiazi kibichi, nacho humegeka na kuwa kizibo kitakachosukumwa nje baadaye.

Baada ya gundi kukauka, ncha za mche husagwa hadi shaba ing'ae na ziwe mraba kamili na neli, wala si zaidi ya hapo, kwa sababu urefu wa neli ndio uliokusudiwa na waliotengeneza seti. Kisha vipande vyote viwili huvishwa kwenye mandreli, ambayo ni ufito wa chuma ulionyooka unaofungwa kwenye kichwa cha kerezo chenye mota na kushikiliwa upande wa pili na ncha inayozunguka juu ya beringi, na baina ya vipande huwekwa bushi, vipete vya chuma vyenye kipenyo kilekile ambacho kalamu inatakiwa kuwa nacho mahali hapo. Bushi ndizo mwalimu: patasi ikizikaribia, fundi anajua amefika. Mandreli ikikazwa kupita kiasi hupinda kidogo, upindaji usioonekana kwa macho, na kalamu hutoka ikiwa mviringo lakini nje ya kitovu chake, nene upande mmoja wa pete na nyembamba upande mwingine.

Mizunguko ya kwanza ina kelele, kwani pembe nne za mche hupiga makali moja baada ya nyingine, na poliesta hasa huweza kumeguka vipande hapo iwapo fundi ana pupa. Asiye na pupa hushika patasi kwa wepesi, hugusa kidogo na kuachia, na husikiliza. Mlio wa kugongagonga unapogeuka kuwa wa mfululizo, mche umekuwa duara. Tangu hapo makali mazuri hujitangaza yenyewe. Rezini iliyopashwa joto kidogo na kukatwa na chuma kikali haitoi vumbi wala maranda, bali hutoa utepe mrefu, mwembamba, unaotiririka kutoka kwenye ncha ya patasi, ukajisokota kwenye kazi hadi kalamu ikawa imevaa kilemba cha rangi, na mota husimamishwa ili kilemba kivuliwe. Tepe hizo hubeba umeme wa msuguano, zikamganda fundi kwenye mikono ya shati na ndevuni, na hakuna ufagio unaozishawishi. Patasi ikianza kuchoka, utepe hukatika, vumbi jeupe huonekana, na chini yake uso wa rezini hubaki na vishimo vidogo kana kwamba umedonolewa na kuku. Dalili hiyo ikija, dawa ni jiwe la kunolea, wala si nguvu ya mkono.

Ung'arishaji hufanywa kwa maji, kwa sababu msasa mkavu huirudisha ile hadithi ya joto, ukaiyeyusha rezini badala ya kuisugua. Seti ya kawaida ina vipande tisa vya kitambaa cha kusugulia, kuanzia namba 1,500 hadi 12,000, na baada ya kila kimoja mashine husimamishwa na kalamu kusuguliwa kwa urefu, ili mikwaruzo ya mviringo isijifiche. Mti huhitaji kuvishwa mafuta au tabaka za gundi ili ung'ae. Rezini haivishwi kitu, mng'ao wake ni wake. Maji pia hulituliza vumbi, ambalo halifai kuvutwa na mapafu, na barakoa ya kuchuja hewa ni sehemu ya vifaa vya kazi hii kama ilivyo patasi.

Kuunganisha ni kazi ya dakika chache kwenye jiliwa, vipuri vikisukumwa ndani ya neli kwa shinikizo tu. Sehemu ya hatari ni ule mtambo wa kuzungusha, ambao ukiingizwa milimita moja zaidi ya inavyotakiwa, ncha ya kuandikia haitarudi ndani kabisa, na kalamu itachora mifuko ya mashati ya mwenyewe maisha yake yote.

Baadhi ya wakerezaji hawatosheki na seti. Hao hutafuta fimbo nene za akriliki au eboniti, huachana na neli za shaba, na kutengeneza kalamu ya wino ambayo kila kitu chake isipokuwa nibu kimetoka kwenye kerezo. Nibu zenyewe wengi huzinunua kwa watengenezaji wa Ujerumani, Bock wa Heidelberg na JoWo wa Berlin. Kwa kuwa hapa hapana shaba wala shinikizo, vipande hushikana kwa hesi, yaani mifereji ya kuzunguka kama ile ya skrubu, iliyokatwa katika rezini yenyewe. Hesi ya kifuniko, ambayo kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 12 au 13, hukatwa kwa mifereji mitatu inayoanza mahali patatu tofauti na kwenda sambamba, ili kifuniko kifunguke kwa mzunguko mmoja au zaidi kidogo badala ya minne au mitano. Kifuniko na kiwiliwili kwa kawaida hukatwa kutoka fimbo moja, na wingu la ulanga lililoganda ndani yake huvuka kutoka kimoja hadi kingine kama uzi wa mti unavyopita chini ya pigo la msumeno. Lakini milango ya hesi ni mitatu, na wingu linakutana na mwenzake kwenye mlango mmoja tu kati ya hiyo. Wapo mafundi wanaotia alama ndogo chini ya klipu ili mwenye kalamu aujue mlango huo, na wapo wasiotia, ambao humwachia kila anapoifunga aizungushe, aitazame kwenye mwanga, aifungue, na kujaribu tena.